Dodoso la kutathminiana kazini: watu 11, karibu wote wamepata 5. Kosa liko wapi?

Mama wa Karakana (Lubumbashi)

Wandugu, salamu kutoka Kampemba. Ninasimamia karakana ya malori yenye wafanyakazi 11: mafundi wa injini, wa breki na wa umeme, pamoja na mtunza stoo. Mkurugenzi aliniagiza niandae dodoso ambalo kila mmoja angewatathmini wenzake wote, ili tujue nani anafaa kuongoza zamu ya usiku na nani anahitaji mafunzo. Nilipata kwenye intaneti fomu ya Kifaransa yenye maswali 20, ya kujibiwa kwa alama za 1 hadi 5, nikaichapisha na kuigawa Jumamosi baada ya kazi.

Majibu yamenishangaza. Karibu kila mtu amepewa 5 kila mahali. Karatasi moja haikuzungushiwa alama hata moja: kuna mstari wa kalamu ya buluu ulioshuka moja kwa moja juu ya safu ya 4, kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Aliyepata 1 na 2 kwa wingi ni mmoja tu, fundi kijana wa umeme, ambaye mimi ninayemwona kila siku silijui kosa lake. Aliyeongoza katika swali la «roho ya kikundi» ni mtunza stoo, mtu ambaye kila wiki tunatafuta vipuri vyake kwa tochi. Je, dodoso ndilo baya, au nimewasoma watu wangu vibaya miaka yote hii?

Karani wa Kamalondo

Mama, kabla ya kuwalaumu watu, tupige hesabu kwanza. Kila mfanyakazi alikuwa na wenzake 10 wa kutathmini, na kila mwenzake maswali 20. Hizo ni alama 200 ambazo mtu mwenye mafuta mikononi na njaa tumboni alitakiwa kuzifikiria Jumamosi jioni. Hata mimi ningepiga mstari.

Jambo la pili ni la zamani. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi walipowapima askari wao kwa akili, umbo, uongozi na tabia, alama hizo zilifanana mno kuliko ilivyowezekana kwa sifa zilizo mbalimbali namna hiyo. Aliyependeza kwa jambo moja alipendeza kwa yote. Fomu yako inaalika kosa hilohilo, kwa sababu inauliza mtu ni wa namna gani, haiulizi alifanya nini. Swali kama «Je, anawasiliana vizuri?» hujibiwa kwa upendo au kwa chuki. Lakini ukiuliza, «Ulipoingia zamu yako mwezi huu, je, ulikuta ameandika kwenye daftari la makabidhiano kazi iliyobaki kwenye gari?», hapo mtu analazimika kukumbuka daftari lenyewe.

Kuna utaratibu uliopendekezwa na wanasaikolojia Smith na Kendall mwaka 1963, ambao chini ya kila alama huandika tendo linalolingana nayo. Kwa karakana yako, 5 ingekuwa: «Huandika kilichobaki, kipuri kinachosubiriwa, na onyo kama gari haliruhusiwi kuwashwa.» 3 ingekuwa: «Huandika kilichobaki peke yake.» 1: «Huondoka bila kuandika, mpaka apigiwe simu.» Matendo hayo waulize mafundi wenyewe, maana wao ndio wanaojua kazi mbaya inaonekanaje. Mambo manne au matano ya namna hiyo yanatosha, na kila mtu awatathmini wale tu anaofanya nao kazi bega kwa bega. Fundi wa injini atamjuaje mtunza stoo zaidi ya dirisha lake?

Fundi Msafiri

Mimi ninaandika kama mtu aliyewahi kutathminiwa. Mahali nilipofanya kazi zamani, sipataji, tuliahidiwa kwamba fomu ni za siri. Tulikuwa sita. Mkubwa wetu alisimama mbele yetu na kusoma: «Mmoja wenu anasema fulani hurudi amechelewa kutoka Kasumbalesa.» Aliyekuwa akisafiri na huyo fulani alikuwa mtu mmoja tu, kwa hiyo siri iliishia pale pale, na watu hao wawili hawakusalimiana kwa muda mrefu. Mara iliyofuata sote tuliandika 5. Haukuwa uvivu, tulikuwa tunajikinga.

Kwa hiyo, Mama, niruhusu nikuulize maswali mawili. Je, waliandika kwa mkono, ili kila herufi ijulikane ni ya nani? Na je, waliambiwa kwamba atakayeongoza zamu ya usiku atapata nyongeza ya mshahara? Kama jibu ni ndiyo, basi hukuwapa dodoso, uliwapa uchaguzi, na katika uchaguzi mtu humwangusha mshindani.

Mwalimu wa Bagira (Bukavu)

Ninakubaliana na Papa Fundi Msafiri, ila ningeongeza jambo la umri, ambalo fomu za kigeni hazilijui. Kwetu kijana wa miaka 24 hawezi kuchukua karatasi akampa Papa mwenye miaka 58 alama ya 2, hata kama Papa huyo alisahau kukaza nati. Atampa 5 kwa heshima. Kwa hiyo mimi, wanafunzi wangu wanapofanya kazi za vikundi, sianzi na namba. Ninawauliza mambo mawili kwa sentensi: ni kitu gani anachokifanya mwenzako ambacho kinakurahisishia kazi, na ni kitu gani kimoja ungemwomba akibadilishe. Ombi linaweza kumfikia mzee bila kumvunjia heshima.

Wanaotaka mfano wa dodoso lililofikiriwa vizuri wanaweza kutazama CATME, iliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya vikundi vya wanafunzi. Ina maeneo matano tu: mchango katika kazi, namna ya kuhusiana na wenzake, kukiweka kikundi kwenye njia, kudai ubora, na maarifa yanayohitajika.

Tena usitegemee kwamba kumpa mtu alama zake kutamwendeleza. Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi juu ya mrejesho na kuona kwamba kwa wastani husaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo kazi ilishuka baada yake, hasa pale mrejesho ulipomgusa mtu mwenyewe badala ya kazi yake. Huyo kijana wa umeme asionyeshwe karatasi hizo.

Mama wa Karakana (Lubumbashi)

Asanteni. Papa Fundi Msafiri, jibu ni ndiyo kwa maswali yote mawili, nami ninaona haya kuliandika.

Jana niliita mtu mmoja mmoja bironi. Niliuliza kwanza «roho ya kikundi» wameielewaje, na wanne walinijibu karibu kwa maneno yale yale: mtunza stoo ndiye anayekusanya michango mtu anapofiwa, na ndiye anayefika kwenye kilio kabla ya wote. Kumbe walijibu kweli. Swali langu ndilo lililokuwa linauliza kitu kingine. Kisha nikauliza ni lini kazi yao ilichelewa kwa sababu ya mwenzao. Jina la kijana wa umeme lilitajwa mara tano, na kila mara sababu ilikuwa ileile: hukataa kutia sahihi gari ambalo taa za breki haziwaki, hata ikiwa dereva amekwisha kupanda na wenzake wanataka kurudi nyumbani.

Karani wa Kamalondo

Basi fomu za kwanza usizipeleke kwa mkurugenzi.

Mama wa Karakana (Lubumbashi)

Wastani wa fomu hizo nilikwisha kumpelekea Jumatatu, Yaya. Leo ninaandika barua ya kuuondoa, na daftari la makabidhiano nimelifungia kabatini mpaka nitakapolisoma lote.