Je, vita vya Old Moshi vya 1892 vichorewe jumba la picha ya duara?

Mleta mada, Moshi:

Ndugu zangu, mwaka 1892 Mangi (chifu) Meli alilishinda jeshi la Wajerumani hapa Old Moshi, na von Bülow aliyeliongoza akapoteza maisha. Je, inafaa tujenge jumba kama lile la Waterloo nchini Ubelgiji, ambamo mtazamaji husimama katikati na turubai lililochorwa vita, la mita 110, likamzunguka pande zote?

Naunga mkono, lakini kwa sharti. Katika majumba hayo, chini ya turubai hutandazwa udongo, uzio uliovunjika na sanamu za farasi walioanguka, hata jicho lisitambue ardhi inaishia wapi na rangi inaanzia wapi. Nguvu hiyo ndiyo inayonitia hofu. Picha ya vita vya Atlanta, Marekani, iliyokamilika mwaka 1886 kuonyesha ushindi wa Kaskazini dhidi ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilipofika Kusini mwenye nayo alipaka rangi upya mateka wa Kusini wakawa askari wa Kaskazini wanaokimbia, na watu wakaitazama hivyo miaka mingi.

Nasi tutachora lipi? Mwaka 1891 wapiganaji wa Rindi, baba yake Meli, waliandamana na Wajerumani kumpiga Mangi Sina wa Kibosho. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi wakamshinda Meli. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga. Wajukuu wa pande zote hizo wanauziana ndizi Mbuyuni kila siku, na turubai litakaloonyesha saa moja tu ya ushindi litawafuta babu wa wengi wao. Heshima zaidi naiona Lucerne, Uswisi, kwenye picha ambayo mchoraji Castres aliichora mwaka 1881, ya jeshi la Ufaransa lililoshindwa likisalimisha bunduki kwenye theluji huku wanakijiji wakiwahudumia majeruhi. Napendekeza tuchore ile siku ya 1900.

Mchangiaji, Arusha:

Ndugu mleta mada, kuhusu Kibosho nakubaliana nawe kabisa, ila kuhusu siku ya kuchora nakupinga. Wajerumani walituachia maboma yao, likiwamo hili la Arusha ambalo leo ni makumbusho, na mtoto wa shule anayeingia humo anasimama ndani ya jengo la mshindi. Kunyongwa kwa Meli ameshasimuliwa. Siku ambayo askari wenye bunduki za kisasa walirudishwa nyuma na watu wa mlimani hajawahi kuiona. Ichorwe hiyo ya 1892, na wapiganaji wa 1891 wawekwe ukumbi wa kwanza, ili hakuna atakayelifikia turubai kabla hajawapita.