Naomba ushauri: sauti yangu ni nyembamba na ina haraka, nifanyeje ifae kwa hipnosi?

MwanafunziWaTiba:
Habari zenu wakuu. Najifunza tiba ya hipnosi, yaani kumwingiza mtu kwenye utulivu mzito kwa maneno, na sasa tumefika hatua ya kufanyiana mazoezi darasani. Nadharia naielewa na maneno ya kumtuliza mtu nimeyashika, ila sauti ndiyo inayoniangusha. Mimi ni mwanamke, sauti yangu ni nyembamba kwa asili, na nikishaanza kuongea mwendo unapanda wenyewe. Nikijilazimisha kuifanya nzito, baada ya muda koo linakwaruza na mwisho wa sentensi unamezwa. Juzi mwenzangu alikuwa ameanza kuzama vizuri, nikavuta pumzi kwa nguvu katikati ya sentensi, akafumbua macho. Je, hii sauti inafundishika, au wapo waliozaliwa nayo? Hata watangazaji na walimu wa kuimba mnakaribishwa.

Kinanda:
Inafundishika, dada, lakini kwanza acha kuisukuma chini. Wembamba au unene wa sauti unategemea urefu na unene wa nyuzi zako za sauti, na hizo huwezi kuzibadilisha kwa kukaza koo. Unachoweza kubadilisha ni hewa inayozipitia. Lala chali, weka kiganja juu ya kitovu, vuta pumzi mpaka kiganja kinyanyuke huku kifua kimetulia, kisha itoe kwa "sss" isiyopanda wala kushuka. Ikitetereka mwishoni, hapo ndipo sentensi zako zinapofia. Halafu fumba mdomo uvume "mmm" mpaka uhisi midomo na mifupa ya pua inatetemeka. Kuvuma kupitia mrija wa kunywea nako kunasaidia sana, maana kunazipunguzia nyuzi nguvu ya kugongana.

Jirekodi pia, ila usihukumu wembamba kwa rekodi. Ukiongea unajisikia kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa, ndiyo maana kwenye simu kila mtu hujiona ana sauti nyembamba. Rekodi itumie kupima mwendo.

UtulivuKwanza:
Kinanda kamaliza upande wa koo. Mimi nafanya tiba hii, naongezea upande wa mteja, ambao naona ndio mzito zaidi. Usiangalie karatasi, angalia mabega yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, yaani pumzi moja ni sekunde tatu hadi tano. Sema anapotoa pumzi, nyamaza anapovuta, na wewe vuta ya kwako hapohapo, kwa pua. Tatizo lako la kuvuta pumzi katikati ya sentensi litaisha, kwa sababu sentensi zenyewe zitakuwa fupi:

"Mabega yako… yanalegea…" (anavuta) "…na kila unapotoa pumzi…" (anavuta) "…yanazidi kuwa mazito."

Silabi ya mwisho ishushe taratibu lakini isikike. Ukiipandisha, agizo linageuka swali, na mteja anaanza kujiuliza kama kweli mabega yamelegea.

Jambo jingine, usianze na mwendo wa konokono tangu salamu. Anza na mwendo alionao yeye, hata kama ana wasiwasi na anaongea haraka, kisha punguza kidogo kidogo naye atakufuata. Milton Erickson, yule daktari wa akili wa Marekani aliyesifika kwa hipnosi na kufariki 1980, uzeeni alikuwa kwenye kiti cha magurudumu na usemi wake ulikuwa umeathirika, lakini wanafunzi na wagonjwa waliendelea kumfuata kwake Phoenix, Arizona. Alimsoma mtu aliye mbele yake kwa makini mno.

Mtangazaji_Mstaafu:
Nakubaliana nanyi, ila msimwambie kwamba kushusha hakuna maana kabisa. Mtu akiwa na hofu sauti hupanda juu ya kiwango chake, na mwanafunzi mbele ya mwalimu ana hofu. Dada, itikia "mhm" kama unayemkubalia rafiki jambo. Kimo hicho ndicho chako, anzia hapo kila mara. Na tafadhali usiigize ile sauti ya mvumo mmoja isiyo na uhai. Wengine inawatuliza, lakini wengi wanahisi wanachezewa.

MwanafunziWaTiba:
Asanteni sana, hiyo ya "mhm" nimeijaribu sasa hivi, kumbe huwa naongea juu zaidi ya hapo! Maswali mawili: kunong'ona kunafaa mtu akishazama? Na wakati wa kumtoa nibaki na sauti ileile?

Kinanda:
Usinong'one. Kunakausha koo na wengine huzikaza nyuzi zaidi. Ongea kwa sauti ya chini yenye mvumo, na sogeza kiti karibu naye. Maji kunywa siku nzima, si kikao kikianza tu. Ukikwaruza wiki tatu hadi nne mfululizo, muone daktari wa masikio, pua na koo.

UtulivuKwanza:
Kumtoa ni kinyume cha kumwingiza. Hesabu moja hadi tano, kila namba ongeza nguvu na mwendo, na kwenye tano uwe umerudi kwenye sauti ya mazungumzo ya kawaida. Ukimtoa kwa sauti ya kubembeleza ataondoka na uzito kichwani.

Na kwa kuwa koo lako bado linasumbua, weka kinga mapema, akiwa ndiyo anaanza kutulia: "Sauti yoyote utakayosikia, ya mlango au ya kikohozi, inakupa nafasi ya kutulia zaidi." Hapo hata ukikohoa, endelea na pumzi yake inayofuata.