RAM: niwashe XMP tu, niongeze kipande cha pili, au nitafute ya kasi ya 3600?

Kijana_wa_Umoja: Wasee, nina prosesa ya Ryzen 5 5600G bila kadi ya michoro, na kipande kimoja cha RAM, GB 8. Kibandiko kinasema kasi 3200, volti 1.35, lakini Windows inasoma 2666. Mchana nahariri video za harusi, jioni ni gemu. Niwashe XMP (ile mipangilio ya kasi aliyoiweka mtengenezaji wa RAM) niishie hapo, niongeze kipande cha pili, ama niuze hiki nichukue viwili vya 3600? Pesa ni ya jambo moja tu.

Fundi_Luthuli: Hiyo 2666 si ugonjwa. RAM huamka kwa kasi ya kawaida ya JEDEC (shirika linaloweka viwango vya RAM), volti 1.2, mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio ya bodi kabla Windows haijaamka, uwashe XMP. Hiyo ni bure, fanya leo. Pesa yako peleka kwa kipande cha pili. Kimoja cha 3200 kinapitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde, viwili 51.2. Viwili vya 3600 ni 57.6. Sasa hiyo 6 na ushee ndiyo uuzie RAM nzima? 5600G inachorea picha kwenye RAM hiyohiyo, kwa hivyo gemu zitafunguka.

Mzee_wa_Kasi: Mnaidharau 3600 bure. Ila bosi, soma CL (mizunguko ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu) kabla ya kulipa: 3600 CL18 inachelewa nanosekunde 10, sawa kabisa na 3200 CL16. Faida ya kuchelewa kidogo iko kwa 3600 CL16, karibu 8.9, na hiyo bei yake ni nyingine. Mimi sikununua. Nilichukua 3200 yangu nikaisukuma hadi 3600 kwa volti 1.4. Inawaka vizuri.

Dada_Seva: Kuwaka si kutulia. Umeipitisha MemTest86, ile programu ya kupima RAM, usiku kucha?

Mzee_wa_Kasi: Stima ya huku kwetu inakubali usiku kucha? 😂 Sijawahi kuona skrini ya buluu.

Dada_Seva: Skrini ya buluu ni heri, angalau inakuambia. Biti moja ikigeuka kimyakimya wakati faili inanakiliwa, utajua bibi harusi akikupigia. Kwa kazi ya wateja, kosa moja kwenye MemTest86 linatosha kurudi 3200. Tena RAM ikipata joto hukosea kwa kasi iliyokubali ikiwa baridi, kwa hivyo ipime kesi ikiwa imefungwa.

Fundi_Luthuli: Nakubali. Kijana, ukienda dukani beba kipande chako. Modeli kufanana si hakikisho kuwa chipu za ndani ni zilezile, kwa hivyo kubaliana na muuzaji kwamba visipopatana kwa 3200 utarudisha. Bodi ikiwa na nafasi nne, nyingi zinataka vipande viwili vikae ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Sukuma mpaka klipu zilie.

Kijana_wa_Umoja: XMP imewashwa, sasa inasoma 3200. Jumamosi naenda kutafuta mwenzake.

Roysambu_PC: Na mimi mwenye i5-10400 na bodi ya H510, nichukue 3600?

Dada_Seva: Usithubutu. H510 hairuhusu kupandisha kasi ya RAM, na prosesa hiyo kikomo chake ni 2666. Utalipia 3600 itembee 2666. Nunua ya bei nafuu, vipande viwili.