Karatasi za Kilatini zilizobandikwa ndani ya jalada: ni za kitabu gani, na je, nibandue iliyobaki?

Mwalimu wa Keko ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba msaada wa wenye uzoefu wa vitabu vya kale. Familia moja ya wageni iliyokuwa inahama Masaki iliuza vyombo vyake vya nyumbani, nami nikanunua sanduku la vitabu ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Ndani yake kimo kitabu kikubwa cha sheria, cha Kilatini, ambacho jalada lake ni la mbao zilizovishwa ngozi na ambacho ukurasa wa mwanzo wenye jina na mwaka umekwisha kupotea. Kilichonivuta si kitabu chenyewe, bali ni karatasi mbili zilizobandikwa ndani ya majalada, moja mbele na moja nyuma, ambazo hazihusiani kabisa na sheria. Ile ya nyuma imebanduka yenyewe kwa unyevu wa mji wetu huu, hivyo naweza kuisoma pande zote mbili. Ya mbele bado imeshika.

Karatasi hiyo ya nyuma ina urefu wa sentimita 31 hivi na upana wa sentimita 22. Kila upande una kurasa nne, na mbili za juu ziko kichwa chini miguu juu: hazikulala mzungu wa nne, bali zimegusana vichwa na zile za chini. Kila ukurasa una safu mbili za herufi nyeusi, nzito, zenye pembe, na juu pameandikwa "Iob". Katika ukurasa mmoja ipo nafasi tupu ya mraba, ndani yake ikiwamo herufi "v" ndogo sana, kisha yanafuata maneno "ir erat in terra hus nomine iob". Nambari za sura zipo, za aya hazipo.

Ningependa kujua ni kitabu gani na cha miaka ipi, na kama ni sawa kubandua ile ya mbele kwa mvuke wa maji ili nayo niisome nyuma. Aidha, kwa kuwa hamu imenishika, yupo muuzaji wa mtandaoni aliyeko Marekani anayenadi karatasi moja ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, pamoja na cheti cha uhalisia. Je, niamini?

---

Mkutubi wa Changanyikeni amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Umeeleza vizuri, na maelezo hayo yanatosha kuanzia.

Maneno uliyonakili ni mwanzo wa Kitabu cha Ayubu katika Vulgata, yaani Biblia ya Kilatini. Neno la kwanza ni "Vir". Wapiga chapa wa karne ya 15 waliacha nafasi tupu pale palipohitaji herufi kubwa, wakachapa herufi ndogo katikati yake ili kumwelekeza mchoraji ambaye angeijaza kwa mkono, kwa wino mwekundu au wa buluu. Kwako mchoraji hakufika.

Kukosekana kwa nambari za aya kunasaidia kukadiria miaka. Aya tunazozitumia leo katika Agano Jipya zilipewa nambari na Robert Estienne katika toleo alilolichapa Geneva mwaka 1551, na Biblia nzima ya Kilatini yenye aya hizo ikafuata mwaka 1555. Biblia ya Kilatini isiyo nazo kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Herufi za Kigothi, yaani hizo nzito zenye pembe, pamoja na nafasi iliyoachwa kwa mchoraji zinaturudisha nyuma zaidi, kuelekea miaka ya mwisho ya karne ya 15 au ya mwanzo wa karne ya 16. Nisingethubutu kusema zaidi ya hapo kwa kutazama sura ya herufi peke yake, kwa sababu herufi za namna hiyo ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya mwaka 1500, ambao ndio mpaka wa vile vitabu viitwavyo inkunabula.

Sasa tuje kwenye kurasa zilizogusana vichwa, maana hapo ndipo penye utamu. Unachokimiliki si ukurasa uliochanwa, bali ni nusu ya karatasi kubwa ambayo haikukunjwa ikawa kitabu. Karatasi kubwa ilichapwa kurasa nane kila upande, kisha ikakunjwa mara tatu ikawa kitita cha majani manane, yaani kurasa 16. Muundo huo huitwa oktavo. Ukihesabu kurasa za kitita kuanzia 1 hadi 16, utaona kwamba katika mpangilio wa kawaida kurasa mbili zinazogusana vichwa hujumlisha 9 au 25: ukurasa wa 1 na wa 8, wa 2 na wa 7, wa 3 na wa 6, wa 4 na wa 5, halafu wa 9 na wa 16, na kuendelea. Kwa hiyo chukua Biblia yoyote, hata ya Kiswahili, utafute kila ukurasa wa karatasi yako unaanzia sura gani ya Ayubu, kisha uone ni kurasa zipi zinazofuatana moja kwa moja na zipi zimerukana. Ukifanya hivyo utaweza kuipa kila moja nambari yake ndani ya kitita.

Ielekeze pia kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi ya zamani iliyotengenezwa kwa matambara huonyesha mistari ya waya za ungo, baadhi ikiwa myembamba iliyosongamana na mingine iliyoachana kwa sentimita mbili hadi nne hivi. Katika oktavo mistari hiyo iliyoachana husimama wima, sambamba na urefu wa ukurasa. Kama nusu yako ndiyo iliyokuwa na alama ya mtengeneza karatasi, kama vile kichwa cha ng'ombe au taji, utaiona katikati kabisa, pale pembe za kurasa nne zinapokutana.

Biblia za Kilatini za udogo huo haziwezi kuwa za tangu mwanzo kabisa wa uchapaji. Ya kwanza katika muundo wa oktavo ni ile ya Johann Froben, iliyotoka Basel mwaka 1491, nayo ilipewa jina la Biblia ya maskini kwa sababu ya udogo wake. Wachapaji wa Venice walimfuata upesi. Ili kutofautisha toleo na toleo, pima kwa milimita urefu wa mistari 20, kuanzia kitako cha mstari wa kwanza hadi kitako cha mstari wa 21, kisha upige picha ya karibu ya herufi kubwa M. Vipimo hivyo viwili ndivyo mtaalamu Konrad Haebler alivyovitumia mwanzoni mwa karne ya 20 kupanga herufi zote za Kigothi za inkunabula, na orodha yake sasa inapatikana bure kwenye mtandao, ikiwa chini ya maktaba ya taifa ya Berlin. Ukishapata majina machache, tafuta nakala zilizopigwa picha kupitia orodha ya kimataifa ya inkunabula iitwayo ISTC, na ulinganishe mwisho wa kila mstari. Maneno ya Biblia ni yale yale katika kila toleo, lakini mahali mstari unapokatika ni pa mchapaji mwenyewe.

---

Fundi Jalada, Gerezani amejibu:

Mwalimu, nakuomba usibandue, na birika la mvuke uliache jikoni lipike chai.

Nafunga na kukarabati vitabu, na hizo karatasi nazijua kwa kazi yake. Mfungaji wa zamani alikuwa na karatasi za kutupa zilizotoka kiwandani: zilizochapwa vibaya, zilizozidi hesabu, au zilizobaki bila kuuzwa mpaka toleo jipya likazipita. Karatasi ilikuwa ghali, hivyo hakuichoma bali aliibandika ndani ya ubao ili kuficha mikunjo ya ngozi. Ndiyo maana mchoraji hakuifikia yako, kwa kuwa haikuwahi kuwa mali ya msomaji. Karatasi za namna hiyo aghalabu hazikusafiri mbali kabla ya kutumika, kwa hiyo huenda zikakueleza kitabu chako cha sheria kilifungiwa wapi, jambo ambalo ukurasa wa jina uliopotea haungelisema hata kama ungekuwapo. Ukiibandua, ushahidi huo umeukata.

Mvuke huilegeza gundi, lakini huilegeza na ngozi pia, na madoa ya ubao huingia kwenye karatasi yasitoke tena. Hata ile iliyojibandua usiirudishe kwa gundi ya dukani wala usiitie selotepu. Zaidi ya yote, usiipeleke steshenari ikapigwe lamineshni kama cheti cha kidato cha nne. Nimeletewa nyaraka nyingi zilizofungwa ndani ya plastiki na wenyewe wakidhani wamezihifadhi; plastiki ile huyeyushiwa kwenye karatasi kwa moto, na kuitoa bila kuirarua karatasi ni kazi ambayo mimi siikubali. Iweke kwenye bahasha kubwa ya karatasi isiyo na asidi, ilale bapa, ikae pamoja na kitabu chake, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Chumba kinachopitisha hewa siku zote ni bora kuliko chenye kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku, kwa sababu kupanda na kushuka kwa unyevu ndiko kunakobandua.

---

Msomaji wa Upanga amejibu:

Nitagusia hiyo ya mwaka 1611 tu, maana mengine yamekwisha kusemwa na wanaojua.

Cheti cha uhalisia huandikwa na muuzaji mwenyewe, kwa hiyo hakikuongezei kitu ambacho neno lake halikukupa. Tatizo la Biblia hiyo si kughushiwa sana, bali ni mwaka wenyewe. Baada ya toleo la kwanza la 1611, mchapaji wa mfalme, Robert Barker, na waliomfuata walitoa matoleo mengine makubwa ambayo yalipangwa ukurasa kwa ukurasa sawasawa na la kwanza, yakiwamo ya 1617, 1634 na 1640, hata karatasi za toleo moja zikaweza kuchanganywa na za jingine ndani ya jalada moja. Karatasi yenye maneno yale yale, inayoanzia na kuishia neno lile lile, inaweza kuwa changa kwa karibu miaka 30, na bei yake ikawa tofauti sana. Mwombe muuzaji picha ya pande zote mbili, iliyopigwa na rula pembeni, uilinganishe na nakala ya 1611 iliyopo mtandaoni, ukizingatia tahajia na mapambo ya herufi za kwanza za sura. Maandishi makuu yanapaswa kuwa ya Kigothi, na yale maneno yaliyoongezwa na wafasiri yawe kwa herufi za Kirumi, yaani za kawaida kama tunazozisoma leo. Ukiona maandishi yote ni ya Kirumi, huenda ni ile nakala ya Oxford ya mwaka 1833.

Naongeza jambo moja ambalo si la kitaalamu. Zipo karatasi zinazouzwa kwa sababu kitabu kilikwisha haribika, na zipo ambazo kitabu kizima kilipasuliwa ili ziuzwe moja moja, kwa kuwa vipande hulipa zaidi kuliko kizima. Mwaka 1921 muuzaji vitabu Gabriel Wells wa New York alivunja nakala pungufu ya Biblia ya Gutenberg, mchapaji wa mwanzo wa Ulaya, akaiuza karatasi kwa karatasi. Otto Ege wa Cleveland naye alikata miswada mingi ya kale kwa nia, kama alivyodai, ya kuwafikishia watu wa kawaida. Sikubaliani naye, ingawa naelewa kishawishi, hasa kwetu tulio mbali na maktaba zenye vitu hivyo. Muulize muuzaji kitabu kilivunjwa lini na hali yake ilikuwaje. Akikwepa swali, achana naye.

---

Mwalimu wa Keko amejibu:

Nawashukuru sana. Kwa muuzaji wa 1611 nimeomba picha. Amenitumia cheti kwa mara ya pili, nami nimeacha.

Nimefanya hesabu ya Mkutubi. Ukurasa wenye mwanzo wa Ayubu umegusana kichwa na ukurasa wa sura ya sita na ya saba, na ukigeuza karatasi, zile kurasa mbili zilizo nyuma yao zinafuatana moja kwa moja. Kwa hiyo upande mmoja ni wa 3 na wa 6, na wa nyuma ni wa 4 na wa 5. Chini ya ukurasa wa 3 ipo herufi ndogo pamoja na nambari 2, ambayo mwanzoni niliidhania doa. Mistari ya waya imesimama wima.

Halafu nikaitazama tena ile ya mbele bila kuigusa. Ukurasa mmoja juu yake pameandikwa "Hester", mingine mitatu "Iob".

---

Mkutubi wa Changanyikeni amejibu:

Basi Fundi ameshinda hoja, kwa sababu hakuna haja ya kubandua. Katika Vulgata, Esta hutangulia Ayubu. Ile ya mbele ni nusu ya pili ya kitita kile kile, ama cha karatasi hiyo hiyo au cha nakala nyingine ya toleo hilo, na kama ukurasa wa "Hester" umegusana kichwa na ule ambao maandishi yake yanaendelea kutoka ukurasa wa 6, basi unayoiona ni kurasa za 2, 7, 10 na 15. Zilizofichwa kwenye ubao ni za 1, 8, 9 na 16, na maneno yake yamo katika Vulgata yoyote.

Herufi ile ya chini ni alama ya kitita, na nambari 2 inaonyesha kuwa hilo ni jani lake la pili. Hiyo itakupunguzia kazi: katika kila Biblia ya oktavo iliyopigwa picha, nenda moja kwa moja kwenye mwanzo wa Ayubu, na kama hauangukii jani la pili, ukurasa wa kulia, chini ya herufi hiyo hiyo, toleo hilo liache uende kwenye linalofuata. Anza na la Basel la 1491, kisha ya Venice. Ukipata linalokubali, ndipo uchukue rula.