Naomba ushauri: vigae na udongo kwa watoto wa chekechea, bustani iko Kisauni, Mombasa

Kigae_Kimoja
Hamjambo wanajukwaa. Nina watoto 12, miaka 4 hadi 6. Nataka watengeneze mawe ya kukanyagia yenye nakshi za vigae, na majani ya udongo ya kutundika mwarobainini. Nina gunia la vigae alivyobakisha fundi, sahani zilizovunjika, simiti na udongo wa kuchimba. Tanuri sina. Vigae vya majaribio vilivyobandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao vimeanguka vyote kwa mvua ya kwanza. Nimekosea wapi?

FundiKarai
Gundi hiyo ni ya vitu vya ndani. Ikilowa inalainika na kigae kinaachia. Nje tumia simiti, ila mtoto asiiguse mbichi. Simiti iliyotiwa maji ina pH 12 hadi 13, nayo huchoma ngozi polepole: mtoto hasikii kitu mwanzoni, jioni vidole vyekundu.

Basi gawa kazi. Watoto wafanye kazi ya karatasi, wewe ubaki na karai.

Chukua beseni la plastiki lenye kitako bapa, upana sm 30, mdomo mpana kuliko kitako. Kata karatasi ya kaki duara, ndogo kuliko kitako kwa sm 2. Pika gundi ya unga wa ngano, kikombe 1 cha unga kwa 4 vya maji, hadi iwe uji mzito. Mtoto apake kidogo, alaze kigae uso chini, aache mwanya wa mm 3 kati ya kimoja na kingine. Gundi ikizidi karatasi inajikunja. Acha ikauke usiku kucha.

Kesho yake paka beseni mafuta ya kupikia, laza karatasi ndani, migongo ya vigae ikitazama juu. Pima lita 1 ya simiti na 3 za mchanga wa mto. Maji ni chini kidogo ya robo tatu ya lita, na mchanga ukiwa na unyevu punguza zaidi. Ukishika tonge likae bila kuchuruzika. Tabaka la kwanza weka kwa kijiko, ukikandamiza kwenye mianya. Ukimimina majimaji, gundi ya unga inayeyuka kabla ya wakati na vigae vinaanza kuogelea. Jaza sm 2, laza wavu wa kuku usiogusa kingo, jaza sm 2 nyingine, kisha gongagonga beseni hewa itoke.

Funika kwa plastiki siku 2. Geuza, lowesha karatasi kwa sponji dakika 10 au 15, itabanduka yenyewe. Jiwe lifunike gunia bichi siku 7. Kwa jua letu, lisilomwagiwa maji linapasuka nyufa nyembamba na kumomonyoka kingo.

Mchanga wa ufuoni usiguse. Chumvi yake inakula wavu na kuacha ukungu mweupe juu ya vigae.

BintiMvita
Kwani wakivaa glavu wasipachike vigae moja kwa moja kwenye simiti? Karatasi ni mzunguko mrefu.

FundiKarai
Glavu za mkono wa miaka 5 ni shida kupata. Ya mtu mzima inapwaya, simiti inaingia ndani na kukaa imegandamana na ngozi, hapo ni kubaya kuliko mkono mtupu. Isitoshe, sahani na taili hazina unene mmoja. Ukipachika kwa juu, kingo zinatokeza na kukata nyayo. Kwenye karatasi nyuso zote zinalala sawa.

Kuvunja ni kazi yako. Tia kigae ndani ya gunia lililoloweshwa, piga nyundo, vaa miwani. Maji yanazuia vumbi, ambalo ni baya kwa mapafu. Kila ukingo usugue kwa jiwe la kunolea ndani ya maji kabla ya kumpa mtoto.

Mfinyanzi_wa_Pwani
Mimi nijibu ya udongo. Chimbo la kwetu huwa na punje za matumbawe na kombe. Dondoshea udongo mkavu siki: ukitoa povu, chokaa imo. Ikichomwa, punje hiyo inageuka chokaa hai, inanyonya unyevu wa hewa, inavimba, na siku kadhaa baadaye kipande cha jani kilicho juu ya punje kinarushwa. Kwa hiyo koroga udongo majini uwe uji, uchuje kwa chandarua, uache utuame, umwage maji ya juu. Chembe laini kama unga zikipita, hazina nguvu ya kurusha.

Ongeza sehemu 1 ya gae la chungu lililotwangwa kwa 5 za udongo, lisipasuke likikauka. Sukuma unene wa sm 1. Jani la mkungu ndilo bora, mishipa yake imetokeza: lilaze upande wake wa chini ukigusa udongo, mtoto apitishe chupa juu yake, abandue. Tundu litobolewe kwa mrija wa soda, sm 1 na nusu kutoka ukingoni.

Kausha kivulini, siku 2 za kwanza chini ya plastiki. Kaskazi ikivuma, ncha zinakauka kabla ya katikati na jani linapinda kama papa mkavu. Baada ya wiki liguse shavuni: likiwa baridi, bado lina maji, na ukilichoma mvuke utalilipua.

Bila kuchomwa litarudi kuwa tope masika yakianza, rangi haitaliokoa. Mpelekee mfinyanzi achome pamoja na vyungu vyake.

BintiMvita
Nakubali, karatasi imeshinda. Sahani za kaure usizitupe, bibi. Ndizo wazee walizozipachika kwenye nguzo ya kaburi kule Mambrui, karibu na Malindi.

Kigae_Kimoja
Shukran sana. Moja la mwisho: kila mtoto anataka jina lake kwenye jiwe.

FundiKarai
Jina litatoka kinyume, kwa kuwa unatazama kwa mgongo. Liandike kwa kalamu nzito upande wa pili wa karatasi, liinue kwenye dirisha lenye mwanga, ufuatishe alama kwa upande wa gundi. Mtoto apange vigae juu ya alama hizo hizo, hata zikionekana zimegeuka. Na uanze na mwenye jina fupi.