Majivu ya pumba za mpunga kwenye zege, nichanganye kiasi gani?

Mwana_Usangu: Wakuu, habari za jioni. Najenga Uyole, nimefika kwenye nguzo na slabu. Kwetu Ubaruku matofali yanachomwa kwa pumba za mpunga, majivu ni ya bure. Nasikia ukiyachanganya na saruji zege linakuwa gumu zaidi na unaokoa mifuko. Kuna kipimo? Fundi wangu hataki hata kusikia.

Kokoto: Fundi wako ana akili. Majivu mwaga chooni, bosi.

MamaZege: Kokoto, punguza. Jambo lenyewe ni la kweli, ila si kwa majivu hayo. Mimi kazi yangu ni kuvunja sampuli za zege maabara, kwa hiyo vumilia maelezo.

Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa inayobaki ndani ya zege bila kazi ya maana. Silika ya majivu huikamata na taratibu kuigeuza gundi ileile inayoshika kokoto, vitundu vikaziba. Lakini pumba ziungue kwa nyuzi 500 hadi 700 hivi, kisha majivu yasagwe laini kabisa. Katikati ya tanuru la matofali moto unapita hapo: silika inageuka fuwele, haifanyi kazi tena. Pembeni haufiki, unapata majivu meusi yenye mkaa unaokunywa maji. Gunia moja lina yote mawili. Kipimo gani nikupe hapo?

Halafu watu hawasomi mfuko! Saruji iliyoandikwa CEM II/B-P tayari ina pozolana, yaani unga wenye silika inayofanya kazi hiyohiyo, asilimia 21 hadi 35. CEM IV/B ni 36 hadi 55. Ukiongeza majivu juu ya hapo, chokaa haitoshi na majivu yanabaki vumbi tu.

Mwana_Usangu: Nimechungulia stoo, ni CEM IV/B 32.5. Nimeuziwa saruji mbovu?

MamaZege: Si mbovu hata kidogo. Klinka, yaani kiini chenyewe cha saruji, huchomwa kwa nyuzi 1,450 hivi na jiwe la chokaa lenyewe linatoa kaboni dioksidi, ndiyo maana viwanda vinaipunguza kwa pozolana. Unachokitafuta umeshakinunua, tena kimepimwa. 32.5 ni nguvu yake ya chini kabisa, kwa megapaskali, baada ya siku 28. Tumia kwenye lipu, sakafu na kujengea tofali. Nguzo na slabu fuata mchoro wa injinia, akiandika 42.5, nunua 42.5.

Pwani_Tanga: Huku kwetu injinia alitaka yenye pozolana makusudi, chumvi ya bahari isiwahi nondo. Ila alitutesa kwa maji: magunia yaliyoloa juu ya zege wiki mbili, Jumapili imo.

MamaZege: Huyo anajua kazi. Pozolana inataka maji na muda. Mwana_Usangu, ukimwaga zege Juni au Julai, baridi ya Uyole itachelewesha zaidi. Mwambie fundi asikimbilie kutoa mirunda ya slabu. Mvunje sampuli kwanza, ndipo mtoe.

Mwana_Usangu: Sawa mama. Kesho namuuliza injinia hiyo 42.5.