Naomba ushauri: namna ya kuwahamisha wanaoanza kompyuta kutoka Windows kwenda Linux

Nyota ya Jioni (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam. Nyumbani mimi ndiye ninayeitwa kila kompyuta inapoleta shida, na sasa nina mashine tatu mikononi: ya mama, ya mjomba, na ya jirani anayetunza hesabu za biashara yake. Zote zinatumia Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na zote zinakataa Windows 11 kwa sababu prosesa zake ni za zamani. Bado ni mashine nzima kabisa, na naona uchungu kuzitupa.

Kwa kuwa mimi mwenyewe nimetumia Linux, mfumo endeshi unaowekwa badala ya Windows, kwa miaka sita, nilidhani kazi ingekuwa nyepesi. Nilianza na mama. Nilinakili faili zake, nikafuta Windows, nikaweka Linux Mint, nikahakikisha kwamba sauti, mtandao na printa vinafanya kazi, kisha nikamkalisha. Alifungua LibreOffice, programu ya kuandikia inayoshika nafasi ya Word, akaitazama skrini kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Barua zangu umezipeleka wapi, mwanangu?" Zilikuwapo zote ndani ya folda ya nyaraka, lakini mama hajawahi kufungua folda: miaka yote alikuwa akifungua Word na kuchagua barua kwenye ile orodha ya faili za karibuni. Sasa orodha ilikuwa tupu. Siku ya tatu aliniomba nimrudishie kompyuta yake ya zamani, nami nikamrudishia.

Sitaki mjomba apitie hayo. Nianzie wapi? Nichague distro ipi, yaani aina ipi ya Linux, kama hiyo Mint? Je, ni busara kuacha Windows kando ya Linux katika diski moja, na je, mtu wa namna hii anahitaji kufundishwa kuandika amri?

Mkongwe wa Kibodi

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokukuta. Naomba niseme wazi kwamba ulimbadilishia mama vitu viwili kwa siku moja, mfumo endeshi na programu, ilhali yeye hana habari na mfumo endeshi. Anachokijua ni programu. Kwa mjomba, geuza mpangilio. Mwache kwenye Windows yake kwa mwezi mmoja au miwili, ila umwekee humo humo programu atakazozikuta ng'ambo ya pili: kivinjari cha Firefox, LibreOffice, VLC ya kuchezea video, na Thunderbird ikiwa anasoma barua pepe nje ya kivinjari. Zote hizo zina matoleo ya Windows. Akikwama katika kipindi hicho atakwama na programu moja tu, huku kila kitu kingine kikiwa pale alipokiacha, na siku ya kuhama atakuta menyu na alama alizokwisha kuzizoea. Kama unahofia usalama wa mashine wakati huo, iandikishe katika mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa watumiaji binafsi, unaofikia tarehe 13 Oktoba 2026.

Kabla ya hayo, keti kando yake kwa saa moja bila kugusa kipanya, utazame anavyofanya kazi zake, na uandike kila anachobofya. Usimuulize anatumia nini, kwa maana atakujibu "natumia intaneti na kuandika", na mambo kama ile orodha ya mama hayatatajwa kamwe. Siku ya kumkabidhi Linux, fungua wewe mwenyewe, moja baada ya nyingine, faili anazozitumia mara nyingi, ili orodha ya karibuni imlaki ikiwa imejaa. Katika Firefox, ukiwa umewasha usawazishaji kwa akaunti yake kabla ya kuhama, alamisho na manenosiri aliyohifadhi yatamfuata.

Kuna mpangilio mmoja wa LibreOffice ambao wengi wanausahau. Kwa kawaida programu hiyo huhifadhi faili mpya kwa muundo wake wa ODF, si ule wa Word, na mjomba akimtumia mtu barua ya namna hiyo huenda akaambiwa haifunguki vizuri. Nenda kwenye chaguo za kupakia na kuhifadhi, uweke muundo wa Word kuwa wa kudumu. Hakikisha pia fonti za Carlito na Caladea zipo, kwa kuwa herufi zake zina upana sawa na za Calibri na Cambria, na kwa hiyo mistari ya barua za zamani haitahamahama.

Jirani yako mwache kwanza. Ikiwa programu yake ya hesabu haina toleo la Linux, huo ni ukuta. Wine inaweza kuendesha baadhi ya programu za Windows, lakini sioni haki kumtegemeza anayeanza juu ya kitu ambacho siku kikigoma hata wewe utahangaika nacho.

Fundi Mtulivu

Nakubaliana na Mkongwe, nami nitasema machache kuhusu mashine yenyewe. Distro uliyoichagua haikuwa kosa. Linux Mint yenye eneokazi la Cinnamon ina menyu kwenye kona ya chini kushoto na upau wa kazi chini, kama alivyozoea mtumiaji wa Windows. Kama kumbukumbu ya mashine (RAM) ni gigabaiti 4 au pungufu, weka toleo la Xfce, eneokazi jepesi zaidi. Mfululizo wa 22 wa Mint umejengwa juu ya distro nyingine, Ubuntu 24.04, na utahudumiwa hadi mwaka 2029, hivyo hutalazimika kumbadilishia mambo tena karibuni.

Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ujaribu mtandao usiotumia waya, sauti, printa, kamera, na kufunga kifuniko kisha kukifungua. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na mashine isiyoamka baada ya kufungwa humvunja moyo mtu kuliko kasoro nyingine yoyote. Kabla ya kugusa diski, angalia kama imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Ikiwa imefungwa, hifadhi ule ufunguo wa tarakimu 48 mahali pengine kabisa. Nakala ya faili iweke kwenye diski ya nje, kisha fungua baadhi ya faili hizo kwenye kompyuta nyingine ili uwe na hakika kwamba zinasomeka. Timeshift iliyomo ndani ya Mint hurejesha mfumo ukiharibika, lakini kwa mipangilio yake ya kawaida haitunzi nyaraka za mtu, kwa hiyo usiihesabu kuwa chelezo, yaani nakala ya akiba.

Kuhusu kuacha mifumo miwili, mimi ningeiacha Windows kwa miezi michache, mradi uzime kipengele chake cha kuwaka haraka, ambacho huiacha diski katika hali ya usingizi na kuizuia Linux kuandika humo.

Bibi Msomaji

Wanangu, mimi nilihamishwa na mpwa wangu nikiwa na umri wa miaka 61, kwa hiyo nasema kutoka upande wa aliyehamishwa. Amri za kuandika sikuzihitaji, na mpaka leo sizijui. Kilichonikwamisha kilikuwa nenosiri. Kila nilipotaka kuweka programu niliulizwa nenosiri, na mpwa wangu alikuwa ameliweka yeye bila kuniambia, kwa kuona kwamba ananilinda. Kwa wiki mbili nilijihisi mgeni kwenye kompyuta yangu. Mwache mjomba achague nenosiri lake mwenyewe na aliandike kwa mkono wake.

Pia nilikuwa nikipakua faili za exe, zile za kusakinishia programu za Windows, kutoka kwenye tovuti, nikizibofya bila kupata kitu. Hakuna aliyenieleza kwamba huku programu huchukuliwa kwenye kidhibiti cha programu kilichomo ndani ya mfumo. Maelezo ya dakika mbili yangeniokolea siku nyingi.

Na katika hilo la mifumo miwili simuungi mkono Fundi. Mimi nilikuwa nayo, na kila nilipokwama nilirudi Windows, nikawa sijifunzi.

Nyota ya Jioni

Nawashukuru nyote, na wewe Bibi, shikamoo. Jana nilikaa na mjomba kwa saa nzima nikitazama tu, nikaandika mambo tisa, na mawili kati yake nisingeyakisia: huwa anakuza maandishi ya kivinjari kwa kibodi, na picha zake zote huzifungua kutoka kwenye folda ya vipakuliwa. Nimemwekea Firefox na LibreOffice humo humo ndani ya Windows. Nitawasha flashi ya Mint nikiwa naye baada ya wiki sita, na kuhusu kuacha mifumo miwili nitamuuliza mwenyewe anapendelea ipi.